Njumu za Chuma kwenye Mkanda

Zakayo alimpiga Ibra teke la ubavu, na katika yote yaliyotendeka gereji asubuhi ile, hilo ndilo lililokuwa la upole.

Zakayo, mzaliwa wa Makambako, aliendesha pikipiki ya theluji katika ukumbi mmoja wa barafu jijini Dubai, ambako nje jua linababua na ndani watu wanavaa glavu. Pikipiki hiyo haina magurudumu. Mbele ina mbao za kuteleza, nyuma mkanda mpana wa mpira unaozunguka. Mteremko ulikuwa umeganda kama kioo, kwa hiyo fundi alikuwa amefunga njumu za chuma kwenye mkanda, zenye ncha kali. Mkanda wa zamani uliteleza kwanza ndipo ukaondoka. Huu uliuma barafu na kuruka. Fundi alitoa maonyo mawili: mtu asisimame nyuma, na kamba ya kuzimia injini ifungwe kwenye kifundo cha mkono wa dereva, maana ikichomoka injini huzima, na isipochomekwa haiwaki.

Lakini gereji ilikuwa na desturi yake. Zamu ya usiku ikiisha, kabla pikipiki haijaingizwa ndani, mmoja aliinua mkia wake, mwenzake akatia moto, mkanda ukazunguka hewani ukitema barafu iliyonasa. Thamer, msimamizi, hakupenda sakafu yenye maji. Mwinuaji alikuwa Ibra, Mtanzania aliyeishi na Zakayo chumba kimoja katika kambi ya wafanyakazi kule Muhaisnah.

"Yalla, inueni," Thamer alisema.

"Leo hapana, sir. Njumu ikichomoka itamtoboa Ibra." Zakayo alichomoa kamba akaikunja kiganjani.

"Khalas, basi. Cyrus, washa wewe."

Cyrus, Mkenya aliyeitamani kazi ya udereva siku nyingi, alicheka. "Mbongo anaogopa misumari! Leta kamba, bro."

"Sikupi."

Ngumi ilimpata Zakayo mdomoni. Ya pili ilimpata kooni, akapiga magoti, na Cyrus akamkanyaga vidole mpaka kiganja kikafunguka. Thamer alitazama saa yake.

"Ibra, toka hapo!" Zakayo alisema, damu ikimtoka.

"Kaka, nimeinua mara ngapi? Acha tumalize, basi litatuacha."

Cyrus alipanda pikipiki, akachomeka kamba, ila ncha ya pili hakuifunga mkononi. Aliiacha ikining'inia. Ibra akainua mkia, injini ikanguruma. Njumu moja ilichomoka, ikapita kando ya nyonga ya Ibra, ikazama kwenye ubao uliokuwa nyuma yake. Ibra hakuiona. Zakayo aliiona.

Ndipo alipompiga teke.

Ibra aliangukia pembeni. Mkia ukashuka juu ya barafu iliyokanyagwa, na kidole cha Cyrus kilikuwa bado kimekandamiza kibonyezo cha moto. Njumu ziliuma. Pikipiki iliruka, ikagonga mlango wa chuma, ikalala ubavu na mguu wa Cyrus chini yake. Usukani ulikuwa umepinda na kukibana kibonyezo, injini haikuzima. Mkanda uliendelea kuzunguka, ukichana suruali, kisha ukachana kilichokuwa ndani ya suruali. Cyrus alipiga ukelele uliomfanya Thamer azibe masikio.

Zakayo alijitupa juu ya mashine kwa vidole vyake vilivyovunjika, akaivuta ile kamba kwa meno.

Injini ikazima. Barafu ilikuwa nyekundu mpaka mlangoni.

Gari la wagonjwa lilipoondoka, Thamer alimwonyeshea Zakayo kidole mbele ya askari polisi aliyefika. "Huyu ndiye aliyemsukuma mwinuaji. Mashine ilikuwa sawa."

Ibra, akijishika ubavu, alikwenda hadi kwenye ubao. Aliona njumu imezama usawa wa nyonga yake. Alijaribu kuichomoa ikakataa. Akamwita askari aje aiangalie pale pale ilipo. Askari aliipiga picha, akamwacha Zakayo aende.

Baadaye, kwenye basi la kampuni, Ibra alisema, "Umenivunja ubavu, kaka."

"Ubavu huunga."

"Na mguu wa Cyrus?"

Zakayo alivitazama vidole vyake vilivyofungwa bandeji. Basi lilipofika Muhaisnah alisema tu, "Twende hospitali tukamuulizie."