Gia Iliyolegea Nikiwa Matangani

Hadi leo nikisikia chuma kinagonga chuma ndani ya gari, damu inanipanda. Wacha niseme yote, maana nimenyamaza vya kutosha.

Mimi ni dereva wa pikapu. Nabeba viazi, vitanda, mabati, chochote, kutoka Kawangware hadi vile vichochoro vya Kibera ambako lori haliwezi kugeuka. Pikapu yangu ni ya zamani, ya zile ambazo gia haikai chini katikati ya viti. Ni mkono mwembamba uliochomoza kwenye shina la usukani, upande wa kushoto. Steji yetu ya pikapu ina madereva wanaume watupu, na mimi, ambaye wote huniita mathe, yaani mama. Ukitoka kwenye laini pale, nafasi yako inachukuliwa kabla moshi wako haujaisha.

Mama yangu alipofariki, nilienda Kitui kumzika. Sasa, kwa steji yetu gari halilali eti kwa sababu mwenyewe amefiwa. Mwenzako anakuwa deiwaka wako, anashika usukani mpaka urudi, wateja wasipotee. Mwenyekiti wa steji alijitolea yeye mwenyewe. "Mathe, enda uzike mama. Gari niachie mimi." Nilimshukuru karibu nilie.

Niliporudi, mkono wa gia ulikuwa unacheza kama jino la mtoto. Gari likinguruma tu, nao unagonga, kata kata kata, mpaka meno yanauma. "Ni hizi barabara za Kibera, mathe. Kila kitu hulegea," mwenyekiti akaniambia. Nikaamini. Mtu ametoka kuzika mamake, ana nguvu gani ya kubishana? Niliufunga kwa blada, ule mpira wa tyubu, nikaendelea na kazi.

Halafu ikaja ile siku ya Mashimoni, huko huko Kibera. Nilikuwa nimerudi nyuma ili nishushe magunia ya makaa karibu na kiosk ya maji. Nikamaliza, nikavuta gia mpaka ya kwanza, nikaachilia klachi. Mkononi ilikuwa ya kwanza, lakini kule chini kwenye giaboksi bado ilikuwa rivasi. Gari likaruka nyuma na kupanda mitungi yote iliyokuwa imepangwa foleni. Mama muuza maji aliruka, ndara yake moja ikabaki chini ya tairi. Ndara tu, Mungu ni mkubwa. Alinitusi mimi na ukoo wangu wote, kwa Kijaluo na kwa Kiswahili.

Kufika jioni steji yote ilikuwa imesikia. Mwenyekiti ndiye aliyeongea zaidi. "Si nilisema? Mwanamke na gia ya usukani, wapi na wapi? Atatuulia mtu, askari wa kanjo waje watufungie steji." Wakaamua tukae kikao Jumamosi, na nisipokuwa na maelezo nitoke kwenye laini. Nitoke niende wapi? Hiyo pikapu ndiyo unga wetu, ndiyo nyumba, ndiyo shule ya watoto wangu.

Ijumaa nikalipeleka gari kwa fundi wa jua kali hapo Kawangware. Nilikaa juu ya tairi kuukuu nikimkodolea macho, maana ukiliacha gari peke yake huko linaweza kurudi na matumbo ya gari lingine. Akafungua kifuniko cha shina la usukani, akaguna, akaingiza koleo. Akatoa msumari wa mabati, ule wa kofia pana, umepinda na kuliwa katikati.

"Mathe, hapa hukaa pini ya chuma kigumu. Nani alikuwekea hii takataka?"

"Sijui," nikasema. Lakini moyo ulijua. Nani mwingine alikuwa ameshika usukani huo? Ila moyo wangu si ushahidi mbele ya wanaume wa steji. Fundi akachonga pini mpya, akabadilisha na bushi zilizokuwa zimechakaa, mkono ukatulia tuli. Msumari nikaufunga kwenye pindo la leso.

Jumamosi wote walikuwa hapo. Mama muuza maji naye alikuja, ameshika ndara yake iliyokatika. Nikasimama.

"Gari limetengenezwa. Fundi ametoa kitu ambacho mtu alikiweka ndani ya gia. Nataka aliyekiweka ajiseme."

Mwenyekiti akacheka. "Mathe, usituletee sinema hapa. Msumari ni nini? Mimi na huo msumari ningeendesha mpaka Kisumu!"

Leso yangu ilikuwa bado imefungwa.

"Nani ametaja msumari?" mama muuza maji akauliza.

Ndipo mwenyekiti akaanza kugugumiza. Ati pini ilikatika akiwa Sarang'ombe na mzigo wa watu. Ati aliweka kitu cha haraka haraka. Ati hakuniambia kwa kuwa nilikuwa na msiba, hakutaka kunisumbua. Ngai! Alinihurumia, kumbe! Alinihurumia huku akiniita mwanamke asiyejua gia, huku miguu ya mama wa watu ikiponea chupuchupu, huku akitaka watoto wangu wakose chakula kwa kosa la mkono wake.

Nilidhani wenzake watamrukia. Wapi! Mmoja alikohoa. Mwingine akasema, "Aah, chairman alisahau tu, ni kawaida." Wale wale waliokuwa wameniitia kikao!

Mwenyekiti akaona upepo ni mzuri, akajikaza, akainua mkono kama pasta. "Basi, yameisha. Mimi nimemsamehe mathe. Arudi kwenye laini."

Amenisamehe. Yeye, mimi!

Ndara ya mama muuza maji ilimpata kifuani kabla sijafungua mdomo. Kisha nikafungua, na niliyoyasema hapo siwezi kuyarudia, mama yangu amelala kaburini anasikia. Nikamwekea msumari wake kiganjani, nikapanda pikapu, nikaingiza ya kwanza, nikawapita wote nikaenda kusimama mbele kabisa ya laini. Gia haikutoa hata mlio. Kelele zote za siku hiyo zilikuwa zangu.