Pipa la Apollinaire

Mtu wa Katanga, hata azeekee ugenini, mambo ya kampuni ya migodi hayamtoki. Apollinaire alikuwa hivyo. Enzi za Wabelgiji baba yake alifanya kazi kwenye kiwanda cha kusafisha urani, na kilipofungwa akarudi nyumbani na pipa moja la chuma. Mama akaloweka mihogo humo miaka na miaka, nyumba nzima ikala. Isipokuwa baba. Yeye alikula mkate wa dukani, na mkewe hakuchoka kumcheka: "Leo tena uko muzungu?" Mzee alikufa kwa mapafu, hakueleza kitu.

Mwaka 2012 Apollinaire alikuwa akipakua vyuma chakavu kwenye yadi moja ya Clairwood, mtaa wa bandarini huko ugenini kusini. Anselmo, dereva wa Msumbiji, akashusha mapipa ya kiwanda kilichobomolewa huko bara. Wengine waliona chuma tu. Apollinaire aliona pipa la kwao. Akalipeleka moja nyumbani Cato Manor, akalisugua kwa mchanga siku mbili. Unjano uliogoma kutoka kwenye maungio akasema ni rangi. Rangi, jamani!

Mkewe, Marie-Louise, akaloweka mihogo humo, akaitwanga, akaifunga kwenye majani na kuichemsha, chikwangue yake ikasifika mpaka mtaa wa Berea. Hata Warundi waliagiza kwa ubatizo.

Miezi saba baadaye Anselmo alimvuta pembeni. "Papa, watu wamekuja na mashine za kupima mionzi, wachukue yale mapipa. Kumbe kiwanda kilikuwa cha urani, ule unga wa njano. Wanasema moja halionekani."

"Miye sijui," Apollinaire akajibu. Mkate wa baba yake aliuelewa siku hiyo. Njiani akaamua kunyamaza, maana chikwangue ndiyo iliyowalisha, na kanisa zima lilikuwa limeshaila. Akanunua mkate.

Mezani Marie-Louise alicheka. "Leo uko muzungu?"

Mjukuu wao Grâce, wa miaka minne, akanyoosha mkono kwenye chikwangue. Apollinaire akaupiga, kwa nguvu kuliko alivyotaka. Mtoto akalia, naye akasema yote.

Marie-Louise hakumkaripia. Alimpakata mtoto.

"Baba yako alijua?"

"Nadhani alijua."

"Na alikuacha ukakula."

Apollinaire aliusukuma mkate wote upande wa Grâce.