Shali ya Mtoto Kwenye Tuta la Viazi

Mwenye kosa ni mimi. Naanza na hilo usije ukanionea huruma kabla hujajua nilichofanya. Jina langu siliandiki, na la niliyemkosea nimelibadilisha, nitamwita Martina. Sikuiba mume wa mtu, wala sikumtilia mtu sumu. Nilisema neno moja tu, tena la kweli. Neno hilo limenikalisha peke yangu mpaka uzee huu!

Niliolewa kwenye vilima vya Mbulu, upande wa Endagikot, enzi zile mashamba ya ngano ya serikali yalipokuwa yamepamba moto kule Hanang. Mume wangu alikuwa dereva wa mashine ya kuvunia. Jamani, mke wa dereva wa kombaini! Kanisani wanawake walinisogelea wanisalimie. Lakini huyo dereva mwenyewe nilimwona baada ya mavuno tu, siku chache, kisha anarudi zake tambarare. Mengine yote niliyasikia kwa watu, kama vile ni mume wa mwingine.

Nilibaki na mama mkwe. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa na maneno machache na kazi nyingi. Tulipalilia tangu umande mpaka jua la utosini, na neno pekee nililosikia ni "sogea."

Aliyenifanya nicheke alikuwa Martina, jirani yetu wa ng'ambo ya kijito. Alinizidi miaka kidogo, nikamwita dada. Nilipounguza uji siku za mwanzo, alinipa wa kwake nikapeleka mezani nikasema nimepika mimi. Aliponiona nalia kwa sababu ya ukimya wa nyumba ile, alisema mama mkwe ni kama mlango wa zamani, mgumu kufunguka lakini haupitishi upepo. Bila yeye ningerudi kwetu mwaka ule ule.

Kisha mtoto wa Martina akafa. Alikuwa kichanga, hajaanza hata kukaa.

Wageni hawajui, kwa hiyo nieleze. Kwetu zamani mama aliyefiwa na kichanga alijitenga. Hachoti maji penye watu, haombi moto kwa jirani, haingii shamba la mtu, kwa sababu walisema anabeba kitu kinachoweza kudhuru mazao na mifugo. Ukimpelekea chakula unakiweka chini, unarudi nyuma, ndipo anakuja kukiokota. Tulikuwa Wakristo, ndiyo, Jumapili tuliimba vizuri sana. Lakini hayo nayo tuliyafuata. Katekista alisema ni mambo ya giza, ila na yeye aliacha kupita njia ya kwa Martina.

Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kumpelekea chakula. Nakiri na hili, sikukiweka chini. Nilimpa mkononi kila siku nilipoona hakuna mtu, na alipopokea alinishika vidole kidogo kabla ya kuachia bakuli. Wakati ule wote nilikuwa mtu pekee aliyemgusa. Na nilikuwa mdomo wake, maana asingeweza kuja nyumbani kusema lolote. Alichotaka kijulikane, nilikisema mimi.

Sasa bustani. Mama mkwe alikuwa na bustani bondeni, karibu na kijito, ya viazi, maboga na njegere. Udongo mzuri, lakini bondeni ndipo baridi hulala. Miezi ya kipupwe umande huganda juu ya majani ukawa mweupe kama chumvi, na jua likichomoza, majani yanakuwa meusi. Wenye vitabu huita jalidi. Sisi tulisema tu baridi imeunguza. Kwa hiyo kila jioni tulifunika matuta kwa magunia makuukuu ya katani aliyoleta mume wangu, yaliyochanika yakatupwa kule shambani kwao. Asubuhi tunafunua.

Mwaka huo mama mkwe alikwenda Dongobesh kumwangalia binti yake aliyejifungua. Kipupwe kilikuwa kimekwisha, jua linachoma, watu wameanza kuvua masweta. Aliponiaga alisema, "Magunia usiyaache mpaka upepo wa tambarare uanze. Baridi ya mwisho haipigi hodi."

Nikaitikia, "Ndiyo, mama."

Kabla hajafika mbali, ikaja salamu kwa lori la ngano kwamba mume wangu atakuja mwisho wa wiki, na huenda akaja na msimamizi wake. Msimamizi! Nikaitazama nyumba yetu, masizi kwenye paa na buibui wananing'inia. Niliwahi kufika kambini kwao mara moja, nikaona nyumba zina dari la magunia yaliyoshonwa na kupakwa chokaa, jeupe kama shuka la hospitali. Nikajiona nimesimama mlangoni namkaribisha mgeni chini ya dari kama lile.

Nikayafua magunia yote kijitoni. Nikayaanika, nikayakata, nikaanza kushona. Nilijiambia baridi imekwisha, jua lote hili! Nilijua kabisa ninachofanya. Jioni ilipofika sikushuka hata kuangalia mawingu, nilikuwa na sindano mkononi naimba.

Asubuhi nilisikia mama mkwe akiniita kutoka bondeni. Alikuwa amerudi alfajiri na gari lililokuwa likirudi kutoka kupeleka wagonjwa Haydom, likamshusha barabarani, akapitia bustanini kabla ya nyumbani. Nilishuka mbio. Matuta yote yalikuwa yamelala. Viazi, maboga, njegere, vyote vimekuwa kama mboga iliyomwagiwa maji ya moto. Hiyo ilikuwa mbegu yetu ya msimu uliofuata, na chakula cha nyumba nzima.

Mama mkwe hakuangalia viazi. Alikuwa amesimama mwisho wa bustani, ameelekeza fimbo kwenye tuta moja. Juu ya tuta kulikuwa na shali ya manjano ya sufu, ndogo. Nikaitambua. Kila mtu pale kijitoni angeitambua, maana Martina aliifuma mwenyewe wakati wa ujauzito, amekaa juani, mbele yetu wote.

Nikaelewa papo hapo. Kutoka kwenye kibanda alichojitenga ng'ambo ya kijito, Martina aliona matuta yamebaki wazi na anga ni jeupe bila wingu, dalili ya baridi kali. Hakuruhusiwa kuita wala kuja kunigongea. Akashuka, akafunika alichoweza, kwa kitu alichokuwa nacho. Chote alichobakiwa nacho cha mtoto wake.

Mama mkwe akaniuliza bila kunitazama, "Aliingia?"

Nilikuwa na nafasi, wasomaji wangu! Nafasi pana kama mlango wa kanisa. Ningesema, mama, nilichukua magunia. Ningesema, mama, inua shali uone chini yake. Magunia yamekatwa, yako nyumbani kitandani, mwenzangu amejaribu kutuokolea chakula.

Nikasema, "Aliingia."

Basi. Kweli tupu, hakuna hata hakimu ambaye angenishika.

Bibi yule akainua shali kwa ncha ya fimbo, akaibeba mbali na mwili wake mpaka jalalani, akaiwasha moto. Hakugeuka nyuma. Mimi niligeuka. Pale shali ilipokuwa, majani ya viazi yalikuwa mabichi, yamesimama, na matone ya maji juu yake. Kipande cha kijani kinachotosha kumlaza mtoto.

Habari ilipanda vilima kabla ya saa ya chai. Na wengine walikuwa wameunguliwa maboga yao bondeni, kwa hiyo kila mtu akapata wa kumlaumu. Kuhusu magunia, nani angeuliza tena? Dari nililipandisha mchana huo huo. Mama mkwe alilitazama, akadhani niliyafunua mapema asubuhi ile kama kawaida, nikayashona baada ya kuona viazi vimekufa, akasema heri yamepata kazi nyingine.

Wazee wa kijiji wakakataza mtu yeyote kumpelekea Martina chakula isipokuwa ndugu wa mumewe. Sikumwona. Nilisikia tu kwamba mumewe ameamua kuhamisha ng'ombe Yaeda Chini, na mkewe pamoja nao, mpaka mambo yapoe. Siku waliyoondoka nilisimama nyuma ya zizi. Alipita njiani nyuma ya ng'ombe, hana mzigo wowote mgongoni. Aliangalia upande wa nyumba yetu. Nikainama.

Mume wangu alikuja peke yake, msimamizi hakuja. Aliangalia juu, akasema pamependeza. Kisha akauliza tutakula nini.

Tangu hapo sikucheka tena na mtu. Wanawake wa kanisani walikuwepo, lakini nikikaribia urafiki nilirudi nyuma mwenyewe, nikiwaza, huyu naye siku moja nitamsemea neno. Mashamba yale yalikuja kudorora, mume wangu akarudi nyumbani moja kwa moja akiwa mgonjwa wa kifua, nikamuuguza, akafariki. Mama mkwe akamfuata. Sikumwambia hata mmoja wao. Usiku na mchana nililala na kuamka chini ya magunia yale.

Jambo moja nililifanya. Viazi vya tuta lile nilivichimba kwa siri, nikavihifadhi mbegu. Nikapanda, nikapanda tena. Viazi vyote ninavyokula mpaka leo ni watoto wa vile.

Alipokwisha kuzikwa mama mkwe, nilijaza kikapu, nikashuka Yaeda Chini. Njia ni mbaya, mashimo na vumbi, sehemu nyingine nilitembea kwa miguu. Nilimkuta Martina nje ya boma lake anakamua mbuzi. Nywele zimekuwa nyeupe. Alinitambua kabla sijafika, akaendelea kukamua mpaka akamaliza.

Nikamsalimia, "Shikamoo, dada."

"Marahaba." Akafuta mikono. "Ile shali waliipeleka wapi?"

Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi njiani. Yote yalikimbia. Nikasema, "Mama aliichoma."

Akasogeza maziwa kivulini. "Na viazi vilivyokuwa chini yake?"

"Vilipona."

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyethibitishiwa jambo analolijua. Nikalia, nikamwambia yote, magunia, dari, msimamizi. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakunitukana. Ningefurahi kama angenitukana! Akasema tu, "Nilingoja unisemee. Nilijua wewe ndiye utakayesema."

Akaingia ndani, akatoka na maji kwenye kikombe cha bati. Nikanyoosha mkono kupokea. Yeye akainama, akakiweka chini kwenye udongo, kati yetu, akarudi nyuma hatua kadhaa, akasubiri.

Nikakiokota, nikanywa. Kikapu changu nilikiacha pale pale chini. Mpaka naondoka hakukigusa.

Wewe unayesoma, hasa wewe binti uliyeolewa ugenini na ukapata rafiki mmoja wa kukushika mkono: ukiulizwa swali, usijibu lile swali tu. Sema na lile ambalo hujaulizwa, hata kama litakuaibisha, maana aibu hupoa. Kweli iliyokatwa nusu ni kisu, na mwenzako hana pa kukwepea.

Mimi siku hizi nafunika matuta yangu mwenyewe. Dari nililishusha, magunia yamerudi bustanini, yameoza karibu yote. Jioni nikimaliza husimama nikaangalia ng'ambo ya kijito, pale palipokuwa na kibanda. Hakuna anayenitazama. Nikisahau tuta moja wazi, litaungua.