Upanga Wenye Kinywa cha Mamba

Ujumbe ulionifikia Kibiti, nilikokuwa mwalimu, ulikuwa mfupi: shangazi yako anatakiwa kunyolewa, njoo. Mgeni wa sehemu zetu angeweza kudhani ni habari njema, kwamba bibi mtu mzima hatimaye kapata kinyozi. Ngoja nieleze polepole, maana jambo hili ukilielewa mwanzo, mengine yote yatakuwa mepesi.

Kwetu delta, kijiji kikishaamini kuwa kina mchawi, huitwa mganga, na mganga huja na wembe. Anayeshukiwa hunyolewa kichwa, hunyweshwa dawa, na tangu hapo uchawi wake huhesabiwa umekwisha. Ni utaratibu wenye huruma sana. Hapigwi mtu, hafungwi mtu. Unachopoteza ni nywele, ambazo zitaota tena, na jina lako, ambalo halioti. Aliyekubali wembe amekubali kuwa alikuwa mchawi. Aliyekataa anaonyeshwa njia ya kuondoka kijijini, naye huondoka akiacha shamba.

Shangazi, dada mkubwa wa baba yangu, aliolewa Maparoni angali msichana. Alilima mpunga, alisuka mikeka, na alikuwa na ulimi ambao peke yake ungetosha kumshitaki. Mumewe alikuwa baharia wa meli za kigeni, mtu wa kuondoka mwaka na kurudi mwaka, hadi alipochoka na bahari na kufia nyumbani kwa homa kama watu wengine. Mwaka uliofuata, jirani mmoja aliyekuwa akioga mtoni aling'atwa mguu na mamba. Akapona, alhamdulillahi, ila akarudi kutoka hospitali ya Utete na gongo la kutembelea, na swali: kwa nini yeye? Wiki hiyohiyo mafundi waliokuwa wakiezeka upya paa la shangazi walishusha kutoka darini upanga mrefu, na mpini wa upanga huo ulikuwa kinywa kilichoachama.

Basi. Mtu kaumwa na kinywa, na kinywa kimeonekana darini kwa mjane. Polisi wa nchi nyingine huhangaika miaka kupata ushahidi wa namna hii.

Nilifika nikakuta kikao barazani kwa mwenyekiti wa kijiji. Upanga ulikuwa umefungiwa kwenye stoo ya mbolea, usije ukauma mtu. Wakautoa na kuniwekea mbele, kila mtu akavuta miguu yake nyuma kidogo.

"Mwalimu, wewe umesoma," mwenyekiti akaanza. Nilikuwa nafundisha jiografia, na kwao hilo lilinifanya mtaalamu wa vitu vyote vilivyo juu ya nchi. "Hiki ni nini?"

"Upanga."

"Na hapa mwishoni?"

"Kinywa."

"Cha nani?"

"Cha mti, mzee. Kimechongwa."

"Hatuulizi kimechongwa na nini. Tunauliza mwenyewe nani."

Nikawakumbusha kwa upole kwamba nusu ya panga zilizokuwa majumbani mwao zilipigwa chapa ya mamba kiwandani, mamba mzima, na mkia wake. Je, tuwanyoe wote walionazo?

"Lile la dukani lina risiti," mwenyekiti akajibu, na kikao kizima kikatikisa kichwa kwa kuridhika.

Hata hivyo hawakuwa watu wabaya, na nataka ulikumbuke hilo unapowacheka. Walikuwa na woga, na mtu mwenye woga hutaka kitu cha kushika. Nikawauliza: nikionyesha kuwa upanga huu haukufuliwa Rufiji, wala na mtu wa Rufiji, itakuwaje? Wakashauriana. Mwenyekiti akatoa uamuzi: ukiwa si wa hapa, mamba wa hapa hawautii, na shangazi yako hana kesi. Mganga angeanza kazi Ijumaa ya wiki iliyofuata. Nilikuwa na muda mpaka hapo.

Kutambua silaha usiyoijua si kazi ya ajabu, na wewe pia unaweza. Usianze kwa kuuliza ni ya nani. Anza kwa kuuliza imetengenezwaje. Niliupeleka upanga uani kwa shangazi tukaulaza juu ya mkeka. Ubapa wake ulikuwa mwembamba karibu na mpini, ukienda ukipanuka kuelekea nchani, kinyume cha panga nyingi ninazozijua. Ulikuwa na makali upande mmoja tu. Nchani palikuwa na mwiba mdogo, kana kwamba fundi alimaliza kazi kisha akakumbuka jambo. Majambia na vitara vya Waarabu, ambavyo baadhi ya koo zetu huvitoa siku ya harusi ili tusisahau wao ni nani, hupinda na huishia ncha moja. Kwa hiyo Uarabuni tukaufuta. Mafundi wetu wa kienyeji huchoma shina la chuma moto na kulizamisha kwenye mti, basi, kwisha. Huu ulifungwa mpini kwa henzirani iliyosokotwa kwa subira, na henzirani ya namna ile haioti kwetu. Kwa hiyo nyumbani nako tukapafuta. Pembeni mwa kinywa palining'inia kishungi cha nywele nyeusi zilizofifia, ambacho kilikuwa kimewatisha watu kuliko hata makali.

"Marehemu alisema kaupata wapi?" nikamuuliza shangazi.

"Alisema kapewa na Mfilipino. Walikuwa wakisali pamoja melini, wawili tu, wengine wote wanakunywa. Siku ya kuagana yule akampa huo, naye akampa mkeka wangu wa kusalia."

"Na ulimwamini?"

"Mwanangu, mume akirudi baada ya miaka miwili bila mkeka uliomsukia, ukimuuliza ukapata jibu lenye sala ndani yake, shukuru."

"Mbona hukuwaambia kikaoni?"

"Niliwaambia. Wakasema mabaharia waongo. Sasa nimfufue aje aape?"

Ufilipino. Ilikuwa sehemu ya kuanzia, na bahati ilikuwa upande wetu, kwa sababu hiyo ilikuwa miaka ya ruksa. Nchi ilikuwa imefungua milango, na kupitia milango hiyo ziliingia nguo zilizovaliwa na wazungu wakachoka nazo, na meli za kigeni zilizokuja kuvua kamba wetu ili wakaliwe na watu wasiojua Rufiji iko wapi. Tuliambiwa ni maendeleo, na kwa kweli harufu ya kamba ilikuwa nzuri meli zilipopita. Ndani ya meli hizo walikuwamo mabaharia wa mataifa mengi. Nikapanda mashua hadi Nyamisati, ambako baadhi yao walikuwa wakishuka kununua kuku na ndimu, nikakaa nikisubiri Mfilipino kama mtu anayesubiri nauli ya kurudi.

Nilimpata siku ya tatu, fundi wa injini, mtu mfupi mcheshi aliyekuwa akibishana bei ya jogoo kwa vidole. Nikaongea naye kwa Kiingereza changu cha darasani. Nilipofunua gunia, aliacha jogoo.

"Kampilan," akasema, na akalirudia jina hilo mara mbili ili nilishike.

Akanieleza kwamba upanga huo si wa kwao hasa. Alitoka visiwa vya kati, na huo ni wa Waislamu wa kusini, wa Mindanao na jirani zake, waliokuwa wakienda nao vitani. Alikuwa ameona mfano wake kwenye kitabu cha shule na mkononi mwa sanamu, lakini hajapata kuushika. Akapitisha kidole palepale nilipopita mimi: upana wa nchani, mwiba, mpini ulioachama. Kila kimoja, akasema, ni alama ya kampilan. Ila alikuwa mkweli: hakuweza kusema ni wa kabila gani hasa kati ya wale wa kusini, wala kama ulifuliwa zamani au ulifuliwa juzi kwa ajili ya kuuzwa. Namheshimu sana mtu anayejua mahali elimu yake inapoishia. Pale Kibiti nilikuwa nimekutana na wachache.

"Na hiki kinywa?" nikauliza. "Si mamba, sivyo?"

"Wengine husema joka la baharini," akasema. Nikapumua. "Wengine husema mamba."

"Na nywele?"

"Mbuzi au farasi, mara nyingi." Akafikiri. "Mara nyingi."

Nikafunga gunia.

Ijumaa baada ya sala, uwanja wa mwenyekiti ulijaa. Mganga alikuwa amefika tangu jana yake na kushughulikia kwanza suala la ada yake, kuku mmoja kila kaya. Shangazi alikaa mbele, kajifunga khanga yake mpya, kichwa wazi kabisa, nywele zake nyeupe kazichana vizuri kama anayesema: haya, mnazitaka hizi? Nikasimama nikaeleza. Nilichora ramani mchangani, bahari kutoka kwetu hadi Mindanao, nikaonyesha henzirani, mwiba, upana wa nchani. Nilimtaja fundi wa injini. Sijapata kufundisha kipindi kizuri kama kile. Hakuna aliyesinzia.

"Tumeelewa," mwenyekiti akasema nilipomaliza. "Na tumeamini. Upanga ni wa nje."

Nikaanza kutabasamu.

"Kumbe ndiyo maana!" akadakia yule jirani mwenye gongo. "Mamba wa hapa nawajua, nimeoga nao tangu utoto. Huyu aliyeniuma alikuwa na nguvu nyingine kabisa. Kumbe ni wa nje!"

Uwanja ukavuma. Ilikuwa miaka ambayo redio ya nje iliishinda ya kwetu, sabuni ya nje ilitoa povu zaidi, na betri ya nje ilidumu. Kwa nini mamba wa nje asiwe na meno bora? Nilikuwa nimewaletea ushahidi kwamba shangazi hakufuga mamba wa kawaida wa Rufiji. Aliagiza.

Mganga akakuna kidevu. "Kwa huyo," akasema, "wembe wa kawaida hauingii. Bahati nzuri nina wa kutoka nje." Akautoa ungali kwenye karatasi yake.

Hapo shangazi akanyanyuka. Ninaona aibu kidogo kusema kwamba mimi nilikuwa bado natafuta hoja ya kijiografia.

"Mganga, nina swali. Unanyoa mwenye mamba au unanyoa aliyemlalisha mamba darini?"

"Mwenye mamba."

"Mwalimu kasema mamba ni wa nani? Wa Mindanao. Mmeamini au hamkuamini?"

"Tumeamini," watu wakaitika.

"Na nywele zile pale kinywani ni za nani? Zangu?" Akavuta nywele zake. "Zile nyeusi, hizi nyeupe. Ni za huko huko zilikotoka. Basi mwenye mamba yumo humu upangani, na nywele zake kaja nazo. Mnyoeni."

Mzee mmoja, mtani wa ukoo wetu, ambaye kwa haki ya utani alikuwa amemtukana shangazi tangu asubuhi bila kupumzika, akajipiga paja kofi.

"Kizee hiki kichawi, lakini leo kasema! Mganga, deni la mpangaji unamdai mwenye nyumba? Nyoa mpangaji!"

Uwanja ukaangua kicheko, na mganga akajua, kama wanavyojua watu wa kazi yake, kwamba uwanja unaocheka hauwezi tena kumnyoa mjane. Pia alikuwa ameshakula kuku. Akapiga magoti, akakinyoa kile kishungi chote kwa heshima, akammiminia mamba wa Mindanao dawa kinywani, ikatokea upande wa pili.

"Kimekunywa!" watu wakasema.

Nilikwenda kuwathibitishia kwamba upanga hauna uchawi, na nikaondoka umehukumiwa rasmi kuwa mchawi aliyetubu. Nilijua vizuri zile zilikuwa nywele za mbuzi, mara nyingi. Nikaifuta ramani yangu mchangani kwa mguu. Mwalimu mzuri hujua wakati wa kumaliza kipindi.

Bado lilibaki moja, nalo ndilo lililokuwa likimtia shangazi wasiwasi kuliko wembe. Uamuzi wa kikao ni maneno. Kijiji hutoa hukumu yake kwa miguu: watu watakwenda kula kwako, au hawataenda. Shangazi alikuwa amepika wali wa mpunga wake mwenyewe kwa samaki, masinia matatu, akayatandika uani akawakaribisha watu wote. Watu walisimama mlangoni wakisifu harufu. Hakuna aliyeketi. Shangazi alisimama na kata ya maji mkononi, akimsubiri wa kwanza kunawa.

Kisha mke wa yule jirani mwenye gongo akawapita wote, akaketi, akanawa, akachota tonge, akatafuna kwa muda mrefu huku watu wote wakimtazama kooni.

"Chumvi imezidi," akasema.

"Ungepika wewe ungeweka sukari," shangazi akamjibu. "Sogea, mwache mumeo akae, mguu wake aunyooshee huku."

Jirani akaweka gongo chini, akaketi kando ya sinia, na wengine wakaanza kuvua viatu.