Uso wa Mama Kapinga

Mke wangu Ngalula alikufa mwezi uliopita. Nyumba iko kimya na mimi siwezi kukaa. Ninasimama, ninatoka mpaka barabarani, ninarudi. Basi ninaandika. Shule sikuenda, herufi alinifundisha yeye.

Watoto wanajua baba yao alikuwa mpiga foto wa gazeti. Namna nilivyoanza hawaijui. Mama yao hakupenda habari ile isemwe.

Baba yangu alitoka Kongolo kufanya kazi ya treni. Nilipofika miaka kumi na minane niliingia kwa Clément, mwenye studio katika komini Albert, mtaa wa Elisabethville. Niliosha karatasi za foto miaka miwili, kisha akaniachia foto za vitambulisho. Mtu anakaa kwenye kiti, nyuma shuka jeupe. Kidevu juu. Usicheke. Mwingine.

Mwaka 1961 nilikuwa na miaka ishirini na miwili na kiti kilinichoma. Katanga ilikuwa imejitenga na Kongo. Bendera mpya, askari kila kona, watu wa ONU, Umoja wa Mataifa, na kofia zao za bluu. Kila siku kitu kilitokea Elisabethville, na mimi niko ndani na shuka jeupe. Clément akienda kula, nilichukua foto yake, mashine yenyewe, nikapanda baiskeli.

Picha zangu nilizipeleka kwa gazeti. Mkubwa wa picha alikuwa Mubelgiji, Monsieur Liévin. Alizitazama upesi, akazirudisha. Askari wangu walikuwa wamepanga mstari. Waandamanaji wangu wamesimama wima, kola zimefungwa. Mimi ndiye niliyewaambia wajipange. Mtu hapigwi foto kabla hajajitengeneza, ndivyo nilivyojua.

"Watu wako wote wanangoja kitambulisho," akaniambia. "Niletee mmoja anayetembea."

Nilimtafuta huyo mmoja wiki nyingi.

Sasa niseme habari ya ukwe. Ngalula, niliyekuwa nimemwoa tayari, ni wa Kasai. Kwao mwanaume hamtazami mama mukwe usoni. Akimwona mbali njiani, anaacha njia. Hawali pamoja, na likiwepo neno, mtu wa katikati analibeba. Mama Kapinga, mama yake Ngalula, alikaa Katuba, komini nyingine. Nilipokwenda kumsalimu nilibaki nyuma ya nyumba, nikapiga makofi, naye akaitika toka jikoni. Sauti yake niliijua. Uso sikuwahi kuuona. Watu walisema nina adabu, na mimi nilijivuna.

Mwisho wa mwezi wa nane watu wa Kasai walianza kufukuzwa katika makomini, eti ni wageni. Walikimbilia kwa ONU, kwenye kambi katika majani nje ya mji. Ngalula nilimficha ndani. Majirani walijua, wakanyamaza. Habari ya mama yake hatukuwa nayo. Kila niliporudi aliniuliza kabla sijashuka kwenye baiskeli.

Alhamisi moja nilikaa kando ya barabara ya kambi. Mashine ya Clément ilikuwa ya kutazamia kwa juu: unainamisha kichwa, watu unawaona katika kioo kidogo. Walipita na magodoro, na masufuria, na kuku. Wengine walikuwa wamebomoa nyumba zao wenyewe, wamebeba mabati na madirisha. Sikumwambia mtu asimame. Mwanamke mmoja alikuja na mlango kichwani, mlango mzima na kitasa chake. Kitambaa cha kichwa hakuna, mvi ziko nje, mdomo wazi. Nikapiga. Mlango ulimlemea, akayumba, akaushika. Nikapiga tena. Alipita karibu, ningeweza kumgusa.

Ijumaa asubuhi Liévin aliiweka picha ile mezani, akachukua kalamu nyekundu. Halafu akasema kesho itatoka ukurasa wa mbele, kubwa, na Jumatatu nije nianze kazi. Ngazi nilizishuka mbili mbili.

Mfukoni nilikuwa na picha ile ile, karatasi ya pili. Nikampelekea Ngalula. Alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Akafuta mikono, akaishika, akakaa chini.

"Iko muzima," akasema. Kisha: "Huyu njo mama."

Nikageuza uso, kana kwamba mama mwenyewe ameingia.

"Sasa njo unageuka? Ulimuona na mulango ku kichwa, hukumusaidia kubeba."

"Sikumujua."

"Na ungemujua?"

Nikafikiri. Ningemjua, ningekimbilia majanini mpaka apite. Nikamwambia hivyo. Ngalula alicheka kicheko kibaya, halafu akalia. Alisema kuona kichwa cha mama mukwe kikiwa kitupu ni kosa; mji mzima kukiona kesho, kosa hilo hata halina jina. Niende kambini, mama aamue mwenyewe. Akikataa na picha itoke, yeye Ngalula atamfuata mama yake huko kwenye majani, na mimi nibaki na gazeti langu.

Kurasa za gazeti zilifungwa saa kumi na moja, ziende kuchapwa. Sasa ilikuwa saa nane.

Kambini nilimkuta Stanislas, kaka yake Ngalula, anafunga miti kwa kamba.

"Shemeji," akasema, "unakuja mikono mitupu? Hata musumari moya?"

Kibanda chao kilikuwa magunia matupu, ila mbele kilikuwa na ule mlango, umefungwa. Nikakaa chini nje, nikitazama upande mwingine. Stanislas akapitisha picha chini ya mlango. Kambi nzima ilikuwa makelele, watoto, nyundo.  Nikasimama, nikakaa, nikasimama.

Kisha sauti ya Mama Kapinga ikaja. Alisema na mtoto wake, lakini nilisikia kila neno.

"Umuambie mukwe wangu, kitambaa sikukitupa miye. Askari alikivuta pale ku bariyeri ya barabara. Batu basiwaze miye ni mwanamuke wa ovyo."

Stanislas akanirudilia yote, kana kwamba mimi kiziwi. Nikamwomba aseme mambo mawili: kwamba nitapata kazi, na kwamba watu wakiona picha watajua walivyotendewa. Niliyapanga hivyo, kazi kwanza. Mpaka leo inanichoma.

"Apate kazi na kichwa ya mwingine," akasema Mama Kapinga. "Hii yangu, hapana."

Nilirudi mjini nikikanyaga baiskeli kwa nguvu. Liévin alikuwa anavaa koti. Nikamweleza kwamba mwanamke ni mama mukwe wangu. Hakuelewa, na Kifaransa cha kumwelewesha sikuwa nacho. Akauliza kama amekufa. Hapana. Kama ameshtaki. Hapana. Akasema basi picha nzuri haiwezi kuzuiwa na kitambaa. Nikiichukua, Jumatatu nisijisumbue.

Ilikuwa mezani, imepigwa mistari myekundu mahali watakapoikata. Nikaichukua.  Mlangoni nilisimama kidogo, nikitaka aniite. Hakuita.

Filme na karatasi zote nilimpa Stanislas ampe mama yake, pamoja na misumari. Alichozifanyia sijui.

Jumatatu kukaa studio kulinishinda. Nilienda kambini na mashine ya Clément, na Jumanne, na wiki iliyofuata. Sasa niliomba ruhusa kwanza, halafu nikangoja wasahau kwamba niko pale. Inachukua saa nzima, pengine mbili. Kwa mtu kama mimi, asiyetulia, ni adhabu. Kila Ijumaa nilipanda ngazi za Liévin, naye akanirudishia zote. Mwezi wa kumi na moja alibakiza moja, ya foleni ya maji. Ilitoka ukurasa wa nne, ndogo kama kiberiti, bila jina.  Ndivyo nilivyoingia, na kazi ile niliifanya miaka thelathini na minne.

Mama Kapinga alirudishwa Kasai mwaka uliofuata, yeye na wengi. Ngalula alibaki na mimi. Huko kwao sikufika, na mama alikufa bila kurudi.

Kwenye kilio cha Ngalula, mwezi uliopita, wamama wa Kasai walikaa na mwili wake siku zote. Mmoja, mzee kama mimi, alisema Ngalula alipozeeka alikuwa mama yake yule yule: kipaji kile cha uso, mdomo ule. Akanigeukia.

"Si kweli, mukwe?"

Uso ule nililala kando yake miaka mingi. Nikamjibu kwamba sijui, mama mukwe wangu sikumwona.