Chai ya Diwani na Mkaa Mbichi

Jamani, hili nalisimulia mwenyewe kabla hamjalisikia kwa vijana wa bodaboda wa Singe, maana wao huongeza chumvi, na lilivyo tu linatosha kunifanya nijifunike kanga usoni.

Nilikuwa kwenye mafunzo kwa vitendo ya sera katika ofisi ya mazingira, hapa hapa Babati, nikapangiwa kikundi cha akina mama wanaotengeneza mkaa mbadala. Kwa asiyeujua, kazi yenyewe si ngumu: unachoma magunzi ya mahindi mpaka yawe meusi, unayaponda, unachanganya na uji wa muhogo, unafinyanga vidonge, halafu unaanika. Kwenye kuanika ndipo penye mtihani, kwa sababu kidonge kinaweza kuwa kigumu nje huku ndani bado kina maji, kwa hiyo lazima uvunje kimoja katikati ukitazame. Hilo nililijua vizuri. Ni mimi niliyewahimiza kila asubuhi, "Mama zangu, tusiwe na haraka, tuuache ukauke" (kwa upole kabisa, kama mwalimu wa chekechea).

Akina mama walikuwa wanaomba banda la kuanikia, kwa kuwa mvua na mawingu viliwaharibia mzigo mara kwa mara, na shule ya jirani ilishakubali kuachana na kuni ikiwa tu watailetea mkaa mkavu bila kukatiza. Ombi likamfikia diwani, naye akasema atakuja na wenzake kuuona mkaa huo ukipika. Tukajiandaa kwa Ijumaa. Jumatano asubuhi bosi wangu, Bwana Amsi, akanipigia simu.

"Rehema, wageni wanakuja leo. Mko tayari?"

Mkaa mkavu wote ulikuwa umeshauzwa sokoni. Uliobaki ni ule niliofinyanga mwenyewe juzi yake (vidonge vya duara, vizuri, nilivipiga hata picha). Ningesema "bado", mambo yangeishia hapo. Nikasema, "Tayari, bosi."

Mama Happy, mwenyekiti wa kikundi, akanitazama. "Mwanangu, tayari ipi hiyo?"

"Nje vimekauka, mama. Moto utamalizia."

Wageni walipoketi, Bwana Amsi akiwa nao, nikabandika sufuria kubwa ya chai ya maziwa, nikaanza kueleza faida za nishati safi, na nilipofika kwenye maneno "haina moshi" ndipo moshi ulipoanza, nikapepea, ukazidi, nikamwagia mafuta ya taa kidogo, ukawa mzito hata diwani simwoni, namsikia tu akikohoa, na mimi bado naeleza (sijui kwa nini sikunyamaza). Vijana wa bodaboda waliokuwa kijiweni wakadhani nyumba inaungua, wakaja mbio na ndoo za maji na mchanga, mmoja akazima jiko, mwingine akazima chai, na wa tatu, kwa nia njema kabisa, akamzima diwani.

Moshi ulipopungua, mheshimiwa alikuwa bado amekaa palepale, koti limemganda mwilini. Bwana Amsi anatazama viatu vyake. Mama Happy ameshika kanga mdomoni na hacheki, kwa sababu ombi lao la banda ndilo lililokuwa limelowa pale. Nikaona nikinyamaza, lawama zitamwangukia yeye. Nikasogea mbele.

"Shikamoo, mheshimiwa" (nilikuwa nimeshamsalimia, ila sikujua pa kuanzia).

"Marahaba tena," akasema.

"Kosa ni langu. Mkaa wa akina mama hauko hivi. Huu ni wangu, ni mbichi, na nilijua."

"Na kwa nini ni mbichi?"

"Jua halijatoka tangu Jumapili, na hatuna pa kuanikia."

Akakamua mkono wa koti taratibu. "Kumbe. Mimi nilidhani banda mnalitaka la kupigia soga."

"Soga tunapiga hata mvuani, baba," Mama Happy akamjibu. "Mkaa ndio hauwezi."

Diwani akawa wa kwanza kucheka. Mama Happy akaenda kwa mama ntilie wa jirani, mteja wao, akaazima sahani ya mkaa mkavu, chai ikabandikwa upya na ikachemka bila hata uzi wa moshi, na mheshimiwa akanywa vikombe viwili akiwa amejitanda kanga ya Mama Happy.

Ombi likaingizwa kwenye mipango. Leo banda lipo, la mabati, upepo unapita pande zote, na jikoni pale shuleni kuni zimebaki za kukalia. Nilikwenda kujifunza sera nikidhani ni kazi ya kuwaonyesha wakubwa mambo yaliyonyooka, kumbe wakubwa wanahitaji pia kuonyeshwa pale panapokwama (ingawa si lazima uwaloweshe).

Vijana wa kijiweni mpaka sasa wananiita Dada Zimamoto, na ninaitika. Lakini mtu akiniuliza kama kitu kiko tayari, sijibu mpaka nimekivunja katikati nikakitazama ndani.