Ngoma Iliyompita Shangazi

Sogeeni hapa mkekani, nanyi mnaotafuna njugu tulieni kidogo. Jambo hili sipendi kulisema kwa sauti kubwa.

Nilipokuwa mtoto, kwetu Likoni, shangazi yangu Mwanasiti aliacha kusema. Hakuugua homa, hakuanguka. Zililetwa tu habari kwamba mdogo wao yeye na baba, ami yangu Rashidi aliyekwenda kufanya kazi melini, ametumbukia baharini na hakuonekana tena. Shangazi akafungua kinywa alie, baba akamnyamazisha. "Maiti haikuonekana. Hapana matanga nyumba hii, na jina lake lisitajwe mpaka arudi mwenyewe." Basi shangazi akanyamaza. Akawa hali kitu, ila uji wa kunyweshwa. Alikonda mpaka bangili zikawa zamvuka akinawa mikono, na nyanya, mama yao, akaanza kumwangalia vile mtu anavyomwangalia msafiri.

Nyanya ndiye aliyesema ana pepo. Akamwita Fundi Mwanatumu, mwanamke mnene mcheshi, aliyekaanga mihogo sokoni na kupiga ngoma za pepo kuwashinda wanaume.

Baba alicheka. "Mama, mwamwita muuza mihogo aje kutibu watu?"

"Na wewe ukae mbali. Ngoma hii haichagui. Mwenye kitu kifuani akikaa mbele yake, itamchukua yeye."

"Inichukue mimi? Basi itabeba mzigo!"

Baba alikuwa kuli wa bandarini, mwili kama kabati. Akaleta kigoda akaketi mbele kabisa, makusudi.

Ilikuwa baada ya alasiri. Shangazi alikalishwa mkekani, kafunikwa leso nyeupe, chetezo cha ubani chafuka moshi mbele yake. Kila pepo ana wimbo wake, na fundi hupiga mmoja baada ya mwingine, mpaka mgonjwa atikisike. Hapo pepo ameitika. Hata sisi watoto tulijua kwamba pepo akishaitika, ngoma haikatwi mpaka ataje jina, au mtu wenu atabaki huko huko alikopelekwa. Tena ngoma ile haipigwi ikakutwa na magharibi.

Fundi akapiga wimbo wa pepo wa Kiarabu. Shangazi kimya. Akapiga wa Kimasai, akapiga wa Kihabeshi. Kimya. Vivuli vya minazi vikafika mlangoni. Fundi akajifuta jasho. "Wa huyu siujui," akasema. Akawa anapiga tu bila wimbo, polepole, kama mtu anayebisha hodi nyumba asiyoijua.

Kigoda cha baba kikaanguka.

Wallahi nilimwona. Nyayo zapiga chini, shingo imekwenda nyuma, macho weupe mtupu. Wanawake wakarudi ukutani. Mama akanivuta, "Usimwangalie!" Nami nikamwangalia.

"Nani wewe?" Fundi aliuliza, mikono haikuacha ngozi.

Baba akatoa sauti nyembamba, ya kijana. "Nina baridi."

"Nani mwenye baridi?"

"Hamkunikalia matanga. Nina baridi."

Nyanya akashika kichwa. "Taja jina, mwanangu, jua lenda!"

Baba akakaza meno. Aliyelipiga marufuku jina lile ni yeye, na sasa lilikuwa likimtafutia njia ya kutoka. Alijiuma ulimi hata damu ikamshuka kidevuni. Vidole vya fundi vilikuwa vimevimba. Kutoka msikitini tukamsikia muadhini akikohoa kwenye kipaza sauti, vile afanyavyo kabla ya kuanza.

Hapo shangazi akainuka. Akaitupa leso, akamshika baba mashavu kwa mikono yake mikavu. Sauti ilimtoka imekwaruza kama bawaba yenye kutu.

"Kaka. Sema Rashidi. Sema, tulie."

"Rashidi," baba akasema, akamwangukia begani. Ngoma ikanyamaza, adhana ikaingia, na juu ya adhana nikasikia watu wawili wakilia kilio cha miezi.

Matanga yalikaliwa kesho yake. Shangazi alipona, akanenepa, akaolewa. Lakini fundi alimwambia baba, "Pepo wako hajatoka. Atataka ngoma yake kila mwaka." Baba aliona haya, mwanamume mzima, mbele ya wanawake! Hakutaka kuisikia tena. Mwaka ulipotimia akaanza kujifunika blanketi mchana. Alifia ndani ya blanketi lile, joto la kaskazi limepamba moto, na sisi sote twajipepea.

Watu huniuliza kama naamini pepo. Sikusoma, siwezi kubishana nao. Nasema nililoliona: walikuwa wagonjwa wawili, nasi tulimfunika leso mmoja.

Ngoma ya fundi ilikwenda kwa bintiye, Kisauni. Sauti ya shangazi ameirithi mjukuu wangu Zuhura. Yeye na wenzake huigiza na kuimba kule Chaani, mbele ya kina mama ambao watoto wao walitoka wasirudi, na mara nyingi mmoja huinuka pale pale alipoketi akaanza kusema. Na mwanangu Saidi amerithi mwili wa babu yake. Tangu amzike mkewe hajatoa chozi. Juzi nilimkuta barazani, saa saba ya jua, kavaa sweta. Nikamwuliza ana nini. Akacheka.